Nyundo Marufuku, Grisi Marufuku

Ufundi ninaoujua mimi una nguzo tatu: nyundo, grisi na nguvu za mkono. Kitu kikigoma kuingia, unakigonga. Kikilia, unakipaka. Kikicheza, unakikaza mpaka mishipa ya shingo ikutoke. Kwa nguzo hizo nimetengeneza baiskeli, milango na kitanda, na kitanda peke yake ndicho kilicholalamika. Sasa nimeletewa foki ya baiskeli, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ya kaboni na ya bei poa, na nguzo zangu zote tatu zimepigwa marufuku kwa mpigo.

Foki yenyewe, tusiseme uongo, inavutia. Nyeusi, inang'aa, uzito wake gramu 400 hivi. Ukiishika unaanza kutembea kama mwanamichezo. Ila bei yake imeishia kwenye foki tu. Ndani ya boksi hamna karatasi ya maelekezo, hamna bolti, hamna hata salamu. Beringi, pete na kizibo, kajitafutie mwenyewe.

Ukienda kutafuta ndipo unakutana na hesabu. Shingo ya foki, lile bomba linalopanda ndani ya fremu, naambiwa ni ya inchi 1 na 1/8. Napima, napata milimita 28.6. Hapo hatuna ugomvi. Kumbe pete ya chini, ile inayokaa begani mwa foki, kiti chake ni milimita 30. Haya. Kuna na foki zinazonenepa kuelekea chini, hizo wanaziita za inchi 1 na nusu. Inchi 1 na nusu niliyofundishwa shuleni ni milimita 38.1. Kiti cha pete kina 39.8! Hiyo ziada imetoka wapi, na nani aliipitisha?

Beringi nazo zina vipenyo vyao. Kuna ya milimita 41 na kuna ya 41.8. Ziweke mezani uone: mapacha! Ya 41 ukiitumbukiza kwenye fremu ya 41.8 inapwaya. Ya 41.8 kwenye fremu ya 41 haiingii ng'o, na nyundo, kama nilivyosema, marufuku. Bado hujafika kwenye pembe. Nyingine ina mteremko wa digrii 36, nyingine 45, na pete isipofanana na beringi yake zinagusana kwa ukingo tu, halafu usukani unagonga kila ukikanyaga kokoto. Mke wangu alinikuta na kalipa ya kupimia vipenyo, karatasi na kalamu sikioni, akauliza, "Baba watoto, hiyo ni baiskeli au unarudia mtihani?" Sikumjibu. Nilikuwa nabeba moja.

Turudi kwenye pete. Hizi foki za bei nafuu hupakwa rangi kwa ukarimu mkubwa, mpaka kwenye kiti cha pete, kwa hiyo pete inafika juu inakwama. Kwenye foki ya chuma ningetafuta kipande cha bomba, nikalivisha juu ya pete, nikagonga ko-ko-ko mpaka ikae. Kaboni hapana. Ukiipiga inaweza kupasuka kwa ndani na nje ikaendelea kung'aa vilevile, isikuambie kitu mpaka siku ya mteremko. Eti chukua msasa laini, uondoe rangi, rangi tu, usile kaboni, kisha tafuta pete yenye mpasuko, hiyo unaisukuma kwa vidole. Kwa vidole! Mimi mwanaume mzima na sanduku langu la zana, navalisha foki pete kama bwana harusi.

Lililoniuma zaidi ni nyota. Kwenye pakiti ya beringi kuna kidude cha chuma chenye meno, umbo la nyota, na kazi yake ni kugongwa ndani ya shingo ya foki kiume mpaka king'ate, ili bolti ya juu ipate pa kujishikia. Nikasema afadhali, hatimaye kazi ya nyundo. Wapi! Yale meno yanakwangua ukuta wa kaboni na kuukata. Badala yake unaweka kizibo kinachotanuka, unakizungusha kwa alenki nacho kinajibana chenyewe kimyakimya. Zaidi ya hapo kikae pale pale inapobana stemu, kile kipande kinachoshika usukani, ili kuta zisibonyee. Ile nyota nimeiweka kabatini. Siwezi kuitupa, tunaelewana.

Kukata shingo sitaki hata kulizungumzia. Msumeno wa meno 32 kwa inchi, barakoa usoni, maji ya kutuliza vumbi maana si la kuvuta pumzi, na ukikata fupi hamna wa kukuungia.

Halafu grisi. Kwenye beringi ruksa, paka hata usoni. Kwenye shingo, pale stemu inapobana, usithubutu, itateleza. Pale inapakwa losheni maalumu yenye chembechembe kama mchanga. Yaani maisha yangu yote natoa mchanga kwenye baiskeli, leo nanunua mchanga nipake.

Na kukaza sasa! Bolti ya juu haishiki foki, kazi yake ni kuondoa mchezo kwenye beringi tu. Unaikaza kidogo, unabana breki ya mbele na kusukuma uone kama kuna ko-ko, ukiridhika ndipo unafunga bolti za stemu, zamu kwa zamu, na stemu nyingi zinataka nyutoni-mita 5, ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza. Tano! Mimi nikifunga chupa ya chai nazidisha. Kuna spana maalumu inayolia "tik" ikifika hapo, na ukishaisikia unatakiwa uache. Mkono wangu haujawahi kuacha kwa kuambiwa.

Basi imekamilika, imesimama ukutani, inageuka laini bila mchezo. Jirani akaja, akaitazama kwa heshima, akagusa bolti ya juu kwa dole gumba.

"Mzee, mbona hii hujaikaza? Nipe spana ndefu nikusaidie."

Naandika haya nimekalia sanduku la zana, na yeye bado yuko hapa, anazunguka.