Dada, muhuri umeshagongwa

Maneno hayo aliniambia mdogo wangu kwa simu. Yeye yuko Buswelu, Mwanza, mimi niko Leicester, Uingereza, chumba cha chai cha wodi, nimebakiza dakika saba za mapumziko. Alikuwa amenunua nyumba: vyumba viwili na msingi wa cha tatu. Mzee muuzaji ana haraka, dalali ana haraka zaidi, wakili yupo. Nikamuuliza, wakili wa nani? Swali hakulielewa kabisa. "Wakili si wakili tu, dada? Tulia. Muhuri umeshagongwa."

Miezi minne baadaye akashuka mke wa yule mzee kutoka Geita, na watoto watatu na godoro. Hakuwa ameuza nyumba yoyote, na hakuwa amesaini chochote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, iko wazi: nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Mkataba ulikuwa na mashahidi wanne, picha ndogo za pasipoti, dole gumba la mzee na muhuri uliokolea wino kama wa posta. Ridhaa ya mama haikuwemo. Baraza la Ardhi na Nyumba lilimrudishia mama nyumba yake, mzee akaambiwa arudishe hela. Anarudisha. Mwezi akijisikia, laki moja.

Kilichoniuma ni kwamba wakati uleule na mimi nilikuwa nanunua kijumba huku, na kila wiki nilikuwa namlaani solisita wangu. Kwa Uingereza huyu ndiye mwanasheria anayeshughulikia mauziano na uhamisho wa nyumba, na miezi mitano niliyokuwa naye sikuwahi kumwona uso. Barua pepe tu, na kila barua ina swali. Akataka kujua hela ya malipo ya awali imetoka wapi. Nikamwambia sehemu ni akiba, sehemu ni mchezo. Mchezo gani? Nikaeleza: tuko akina mama kumi na wawili, kila mwezi tunachanga, mmoja anapokea. Akauliza mkataba wa huo mchezo uko wapi. Jamani! Nikampigia picha ukurasa wa daftari la mweka hazina, majina na tiki za wino mwekundu, nikatuma. Akajibu kwa mistari miwili, anashukuru, na anaomba taarifa za benki za wote kumi na mmoja waliobaki. Siku hiyo nilitaka kumfukuza.

Halafu kampuni ya maji ikaleta majibu ya upekuzi, yaani ule ukaguzi wa kumbukumbu unaofanywa kabla ya kununua. Kumbe bomba la majitaka la umma linapita chini ya jiko, na lile jiko liliongezwa baadaye. Solisita akauliza: kibali cha kampuni ya maji cha kujenga juu ya bomba kiko wapi? Muuzaji hana. Wiki tatu hizo, watu wanaandikiana, mimi nimeshapanga masanduku. Mwisho muuzaji akalipia bima ya kufidia endapo kampuni itakuja kudai, na mimi nikaishi. Nisingejua. Nilikuwa nimelikagua lile jiko mara mbili, na nilichokiona mimi ni rangi ya makabati.

Kwa hiyo naomba niseme neno ambalo litawaudhi ndugu zangu wa Mwanza: sisi tunanunua muhuri, hatununui wakili.

Tunamfuata saa ya mwisho. Bei imeshakubaliwa, soda zimeshanyweka, hela iko kwenye bahasha ya kaki ndani ya mkoba wa shangazi. Wakili mara nyingi kaletwa na dalali. Mnunuzi na muuzaji mnakaa benchi moja mbele ya meza moja, anawaomba vitambulisho, anasoma mkataba kwa sauti ya kukimbia, mnasaini, anagonga. Simlaumu wakili sana. Tumempa kazi ya dakika ishirini kwa bei ya dakika ishirini, na akianza kuuliza maswali ya solisita wangu tunasema huyu anataka kutukamua, twende kwa yule wa ghorofa ya pili.

Huku wakili mmoja kwa kawaida hawezi kusimama pande zote mbili. Wa muuzaji ni wa muuzaji, wako ni wako, na wanaandikiana kama watu wasiopendana. Madalali wapo huku pia, msidhani ni malaika. Aliyenionesha nyumba alinipa jina la solisita "mzuri sana, wa haraka", na kwenye maandishi madogo nikakuta analipwa kwa kumpelekea mteja. Wanatakiwa waseme, basi wanasema, kwa herufi za kusomea na tochi. Nikamwacha, nikachukua ofisi ndogo ambayo nikipiga simu anapokea mtu. Hicho ndicho kipimo changu pekee: saa nne asubuhi, piga, uone nani anapokea. Na nilikagua kama amesajiliwa na mamlaka inayosimamia wanasheria. Hata kwetu unaweza. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili, unaingiza jina unaona kama huyo mtu yumo na anaruhusiwa kufanya kazi. Muhuri unachongwa mtaani, jamani.

Na upekuzi tunao. Ukienda kwa Msajili wa Hati unapata jina la mwenye hati, kama benki imeishikilia, kama kuna mtu ameweka zuio. Bongo hununui ardhi yenyewe, ardhi ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Unanunua haki ya kuikalia, ya miaka 33, 66 au 99. Sasa haki ya mtu utainunuaje kabla hujaona kama anayo? Ila huo upekuzi ni wa penye hati. Milima yetu ya mawe imejaa nyumba ambazo karatasi yake pekee ni ya mauziano ya mtaani, na pale Msajili hana cha kukuambia.

Hapo ndipo nageuka upande wa pili, kwa sababu Waingereza nao wana upofu wao. Solisita wangu hakuwahi kukanyaga ule mtaa. Kuna fomu ambayo muuzaji anajaza, kama ana ugomvi na jirani. Aliandika hapana. Wiki ya tatu baada ya kuhamia, nikajua kwamba yeye na jirani walikuwa hawasalimiani miaka minne kwa ajili ya uzio. Jirani akanihamishia na mimi ule ununaji, kama sehemu ya nyumba. Mwanza ningelijua hilo kabla sijamaliza soda dukani pa kona.

Mwaka jana tulijaribu tena, safari hii kiwanja, Luchelele, karibu na ziwa. Nikatafuta wakili mwenyewe, nikamlipa mwenyewe, kabla hata mdogo wangu hajamwona muuzaji. Mama mmoja mkavu, hacheki. Maswali yake ya kwanza: muuzaji ana mke? Bikoni, yale mawe ya mipaka, mmeoneshwa na nani, yeye au mpimaji? Kutoka majini ni mita ngapi? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mdogo wangu akapima kwa hatua, akapata sabini na kitu. Tukafurahi. Hati ilikuwepo, jina sahihi, benki haina neno.

Siku ya kwenda kuoneshwa mipaka, mdogo wangu akamkuta mama anaanua dagaa juu ya mwamba. Akamwamkia, shikamoo mama. Marahaba. Akaulizwa amefuata nini, akasema. Yule mama hakuinua hata kichwa. "Mwanangu, hapo uliposimama mwaka 2020 sisi tulipita na mtumbwi."

Ni kweli. Mwaka ule Viktoria ilipanda kuliko wengi wetu tulivyowahi kuiona, maji yakaingia majumbani kandokando ya ziwa. Mita 60 zinahesabiwa kutoka wapi, ziwa likiamua kutembea? Nilimpigia wakili. Alinyamaza kidogo, akasema atamwandikia muuzaji kwamba tumejitoa, na gharama yake inabaki palepale. Nililipa bila kinyongo. Yule mama wa dagaa nilimtumia elfu ishirini kwa simu ya mjukuu wake, kwani kazi aliyofanya ndiyo ile ambayo huku nililipia ramani ya mafuriko yenye rangi tatu.

Sasa tunaangalia Kisesa. Mbali na maji, mwinuko, mawe mawili makubwa kwenye kona ambayo mdogo wangu anataka kuyapasua na mimi sitaki. Dalali anasema Jumamosi kuna mnunuzi mwingine anakuja na fedha taslimu. Jumamosi ya dalali naijua, haijawahi kufika tangu nizaliwe.

Jana mdogo wangu alinipigia nikiwa chumba kilekile cha chai. Nikamwambia kabla ya yote, muuzaji ana mke?

"Wakili ameshauliza, dada," akasema. "Wapo wawili."