Bata Mia Nne na Ndege wa Mfalme

Kijiji ninachoishi, huko Dorset, kusini-magharibi mwa Uingereza, kina gazeti lake. Linatoka kila mwezi, kurasa chache zilizobanwa kwa pini, na wanaolisambaza nyumba kwa nyumba ni wastaafu wanaotembea haraka kunishinda. Humo utasoma nani kafariki, nani anauza kuni, ibada saa ngapi, na mbwa wa nani kajisaidia mbele ya ukumbi. Jina la mwenye mbwa halitajwi, Waingereza ni watu wa staha. Inatajwa aina ya mbwa tu, na mbwa wa aina hiyo kijijini yuko mmoja.

Toleo la Julai mwaka jana lilinipa mimi ukurasa mzima. Picha nayo ilikuwemo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Huku kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani: nawaamsha, nawapa dawa, nawachemshia yai, nasikiliza malalamiko yao kuhusu basi. Mkoa huu hauna hata kipande kimoja cha zile barabara kuu za njia sita walizonazo wenzao, kwa hiyo lalamiko la usafiri lina mashiko, na mimi huitikia kwa moyo. Mmoja wa wazee hao ni Bibi wa Saa Mbili, ambaye namwita hivyo kwa kuwa nikifika saa mbili na dakika tano nakuta amekwishapiga simu ofisini. Asubuhi moja, huku nikimenya yai lake, akaniuliza kama najua mambo ya maji. Nikamjibu kwa majivuno kidogo kwamba nimezaliwa Tanga, baharini nilikuwa nikienda kabla ya shule.

"Vizuri," akasema, akavuta simu yake ya waya. Kabla sijamaliza kuosha sufuria nikawa mjumbe wa kamati.

Kamati ya nini? Ya mashindano ya bata. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hata mama yangu nilimweleza mara kadhaa. Jumatatu ya mwisho ya Mei ni siku ya mapumziko nchi nzima. Siku hiyo kijiji humwaga bata mia nne wa plastiki kwenye kijito. Kila bata ana namba tumboni. Unanunua namba kwa pauni moja, na bata wako akitangulia kufika darajani unapewa kikapu cha vyakula. Fedha zinakwenda kwenye paa la kanisa, ambalo linavuja tangu enzi ambazo wazee wenyewe hawakubaliani. Chini ya daraja lazima asimame mtu na wavu, amkamate bata wa kwanza, kisha awazoe wengine wote wasiende baharini. Mtu huyo ndiye mimi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Naambiwa unavua."

"Nakamata bata, mama. Wa plastiki."

Kimya. Nikasikia jogoo wa jirani akiwika kule Tanga.

"Wanakulipa?"

"Hapana, ni kujitolea. Kwa ajili ya paa la kanisa."

"La kanisa." Akavuta pumzi. "Haya. Baba yako nitamwambia unavua."

Kabla ya mashindano lazima kikao. Vijiji vya Uingereza vina mabaraza yao ya parokia, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1894, na licha ya jina hilo hayana uhusiano na padri. Ni serikali ya kijiji hasa, ila madiwani wake hawalipwi, na nadhani ndiyo maana wanagombana kwa moyo safi kiasi kile. Kama uliiona ile video ya baraza la Handforth iliyosambaa Februari 2021, ambamo mwenyekiti alitolewa kwenye kikao cha mtandaoni wenzake wakipiga kelele, basi ujue haikuwa maigizo. Kikao chetu kilianza na mashimo ya barabarani, kikaenda kwenye ua uliozidi urefu, kikarudi kwenye mashimo. Bata walifikiwa saa tatu usiku.

Mzee mmoja mwenye ndevu akainua mkono. Akasema kuna swani wawili wametaga kwenye matete, hatua chache juu ya daraja, na vifaranga wameshatoka.

Swani ni yule ndege mkubwa mweupe wa majini mwenye shingo ndefu. Kwenye kadi za harusi anaonekana mpole. Dume lake linafika kilo kumi na zaidi, na kila Mwingereza, hata asiyewahi kumsogelea, atakwambia kwamba ubawa wake unavunja mkono wa mtu. Isitoshe, sheria ya kale inampa mfalme haki juu ya swani wote wasio na alama wanaoishi kwenye maji ya wazi. Kila Julai watu wa mfalme hupanda mashua mtoni Thames kuwahesabu, wamevaa sare nyekundu, wakifuatana na vyama viwili vya kale vya London, cha wauza mvinyo na cha watia rangi nguo, ambavyo navyo vina swani wao pale. Hapa Dorset, pwani ya Abbotsbury, watawa wa zamani waliwafuga kwa mamia, wakawa wanawala. Hao watawa mimi nawaelewa.

Baraza likajadili, kisha karani akasoma azimio: "Swani waangaliwe." Waangaliwe na nani, hakuna aliyeuliza.

Siku yenyewe ikafika, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kijito chetu kinatoka kwenye miamba ya chokaa. Maji yake ni maangavu, unaona kila kokoto, na ni baridi Januari hadi Desemba. Kwa kawaida yananifika gotini. Siku hiyo yalinipita mapaja. Nilikuwa nimeazimwa suruali ya mpira, zile za wavuvi wa samaki wa mtoni, zenye buti chini na mikanda ya mabegani. Mwenyewe ni mrefu kuliko mlango wa ukumbi. Kwake inaishia kifuani. Kwangu ilikuwa inanikuna kidevu.

Juu yangu, kwenye ukuta wa daraja, kilikuwepo kibao cha chuma. Madaraja mengi ya Dorset yanavyo mpaka leo, tangu zama za Mfalme George wa Nne, miaka ya 1820. Kinasema atakayeharibu daraja kwa makusudi atapelekwa ng'ambo maisha yake yote. Nilikisoma mara nyingi wakati nikingoja, meno yakigongana. Mimi ng'ambo nimekwishafika, tena nimejilipia viza mwenyewe. Hata hivyo niliogopa kuegemea.

Saa nane kamili kasisi akapuliza filimbi kule juu. Darajani watu wamejaa, wengine na chai, wengine na keki, watoto wamening'iniza miguu. Bibi wa Saa Mbili aliletwa kwa kiti cha magurudumu akawekwa mbele kabisa, tiketi yake ndani ya mkoba, mkoba umefungwa kwa zipu, mikono miwili juu ya mkoba.

Bata wakatokea kwenye kona. Lazima niwe mkweli, walipendeza: mto mzima wa manjano, wanazunguka, wanagongana, wengine wamepinduka na namba zao juu. Watu wakaanza kuita namba kana kwamba bata wa plastiki wana masikio. Nikapanua miguu, nikashika wavu, nikajiona fundi.

Ndipo dume la swani likatoka kwenye matete.

Nafikiri lilipoona familia ya manjano mia nne inashuka kuelekea watoto wake, lilifanya hesabu ya haraka likatafuta mkubwa wao ni nani. Na aliyesimama mbele na wavu alikuwa mmoja. Likainua mabawa, likatoa ule mlio wao wa kufoka, likanijia juu ya maji bila breki.

"Usimguse!" akapiga kelele mtu darajani. "Ni wa mfalme!"

Jamani. Mimi na kilo zangu sitini na tano, niko ndani ya suruali ya mtu, nyuma yangu daraja la kunipeleka ng'ambo, mbele yangu mali ya mfalme, na hakuna hata mmoja aliyemwambia swani asiniguse mimi! Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inamlinda yeye. Mimi nilikuwa nalindwa na kizibao cha rifleksa.

Nikarudi nyuma hatua moja. Chini kulikuwa na jiwe lenye ukoka wa majini. Nikakaa.

Asiyewahi kukaa mtoni ndani ya suruali ya mpira inayofika kidevuni hajui kinachofuata, na namwombea asijue. Maji yanaingia kwa juu na hayana pa kutokea. Suruali inajaa, inavimba, inakuwa nzito, na wewe unageuka pipa lenye kichwa. Sikuweza kusimama. Niliketi pale, mto unanipita mabegani, swani ananizunguka akikagua kazi yake, na bata mia nne wakapita mmoja mmoja, kushoto na kulia, wakaingia chini ya daraja wakaenda zao. Nilinyoosha mkono kuwazuia. Swani akanitazama. Nikaurudisha mkono.

Darajani watu walikimbilia upande wa pili kuwaangalia wakitoweka. Mimi nikaachwa na swani na Bibi wa Saa Mbili, ambaye hakuweza kukimbia.

"Umeloana," akaniambia.

Wanaume wanne walinivuta kwa kamba ya kufungia hema la chai. Wakanilaza majanini, wakaniinua miguu juu ili suruali imwage maji, kichwa changu kikiwa chini mbele ya wanakijiji wote, na picha ile ya gazetini ndiyo ilipigwa wakati huo. Maji yakatoka kwa nguvu. Pamoja na maji, kupitia karibu na sikio langu la kushoto, akatoka bata.

Mmoja. Alikuwa ameingia pale nilipokaa. Mtoto akamwokota, akamgeuza, akasoma namba kwa sauti.

Bibi akafungua zipu ya mkoba.

Hapo ndipo fitina ilipoanza. Kanuni ya mashindano, iliyoandikwa kwa mkono na mtu ambaye sasa yuko makaburini hapo hapo kanisani, inasema mshindi ni bata wa kwanza kukamatwa na mkamataji darajani. Wengine wote hawakukamatwa. Huyu alikamatwa, au tuseme alipatikana kwa mkamataji. Na ni wa bibi ambaye mkamataji huyo huyo asubuhi ile alimchemshia yai. Kufika jioni kila mtu baa alikuwa na maoni. Mimi nilikaa na soda yangu karibu na moto, nimevaa sweta la kasisi. Baharia mmoja mstaafu akanifariji kwamba mwaka 1992 kontena lilianguka kwenye bahari ya Pasifiki likamwaga vidude vya kuchezea 28,800, bata wakiwemo, na baadhi wakaokotwa Alaska. Wetu, akasema, hawatafika mbali kuliko bandari ya Poole. Kweli, kijiji cha pili kiliendelea kuwaokota wiki nzima, na gazeti lao likaandika habari yenye kichwa kikali kuhusu plastiki mtoni. Tulirudishiwa gunia la bata pamoja na barua. Barua iliwekwa kwenye ajenda.

Kikao kikaitishwa. Mwenyekiti akataka kila mwenye maslahi ajieleze. Nikasimama, nikatangaza yai. Karani akaandika yai. Mwenye suruali naye akasimama, akadai kwamba kwa haki bata alikamatwa na suruali yake, wala si na mimi, hivyo kikapu kigawanywe. Hoja hiyo ilichukua muda mrefu kuliko mashimo. Mtu mwingine akauliza kama ndani ya suruali panaweza kuhesabiwa kuwa ni darajani, na ramani ikaletwa. Bibi hakusema neno; aliweka tiketi mezani akaitazama saa yake, na ninavyomjua, hiyo ni silaha tosha. Kura zikapigwa, nne kwa tatu. Kikapu kikawa chake, na ile soseji ya nguruwe iliyokuwemo akampa mwenye suruali ili asimalizie hotuba.

Tukafika mengineyo. Nilikuwa natafuta koti langu pale mwenyekiti aliponigeukia kwa upole kabisa.

"Samahani, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Unaweza kuogelea?"

Swali gani hilo kwa mtu wa Tanga! Nikasema naweza, tena tangu utotoni, na pale nilishindwa na suruali tu. Wote wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Mmoja akatoa hoja, mwingine akaiunga mkono, na karani akaandika huku akisoma taratibu: mkamataji wa mwakani amepatikana.