Shikamoo Bila Suruali

Kukimbia milima ya Uluguru wakati wa masika kuna masharti yake, na siku hiyo nilikuwa nimeyatimiza yote. Mke wangu anajua njia nitakayopita na saa ya kurudi. Simu imejaa chaji, imefungwa kwenye nailoni. Maji lita mbili, bendeji, na filimbi shingoni, maana mtandao bondeni huwa unakata: ukipatwa na jambo unapuliza mara tatu, unapumzika, unapuliza tena.

Nikatoka Morogoro mjini alfajiri, nikapandisha njia ya Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani. Njiani nikapishana na akina mama wa Kiluguru wanateremka na ndizi kwenda sokoni, ndala miguuni, mzigo kichwani, wala hawahemi. Mmoja akaniuliza, "Baba, unakimbizwa na nini?"

"Mazoezi tu, mama."

Akamtazama mwenzake.

Mbele kidogo nikainama kufunga kamba ya kiatu. Siafu hawaoni, lakini kuvizia wanakujua: wanapanda kimya kimya, na mpaka uhisi wa kwanza, wenzake wameshafika pasipotajika. Suruali yangu ya kubana muuzaji aliisifu kuwa haipitishi kitu. Kweli, waliokwisha kuingia hawakuwa na pa kutokea.

Nikaivua, nikairusha, ikatua katikati ya msafara wao. Chupi nayo ikafuata, maana huko ndiko walikokuwa wamepiga kambi. Akili iliyobaki ikakumbuka filimbi. Nikapuliza tatu.

Wakaja. Kwa uokoaji, Uluguru sina la kulalamika: akina mama wanne, wametua mizigo na kugeuza njia, wawili na mapanga mkononi. Nikajibanza nyuma ya mgomba, tena mgomba mchanga, nikafanya nilivyolelewa.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," akajibu yule yule. "Kumbe ndio hao waliokuwa wanakukimbiza."

Wakanibandua siafu mgongoni mmoja mmoja, taratibu, maana ukimvuta kwa pupa kichwa kinabaki kinauma. Kisha nikapewa kanga. Nilikuwa nimeshaifunga kiunoni niliposikia wanacheka, nikageuza shingo kusoma jina lake: MFICHA UCHI HAZAI.

Nikashuka nayo hadi kijiwe cha bodaboda. Kijana akanizunguka, akaisoma kwa sauti, akataja nauli: elfu tano.

"Si elfu mbili siku zote?"

"Mbili ya kukufikisha, braza. Tatu ya kunyamaza."