Saa Nyeusi na Futari ya Bibi

Binamu yangu wa Muscat alirudi Dar na saa nyeusi tii: kasha jeusi, mkanda mweusi, uso mweusi. Akatupa darsa barazani. Kwamba mwaka 1972 Porsche Design walitoa saa nyeusi kwa kuiga dashibodi ya gari, uso usirudishe mwanga machoni, tarakimu nyeupe zisomeke chap. Halafu mwaka 2006 Hublot wakatoa yao, wakapaka weusi hadi mishale.

"Sasa inasomekaje?"

Akaniangalia kama nimemuuliza bei ya mchicha. "Mwenye saa hii hana haraka."

Hapo nikaisha. Kesho yake nikashuka Kariakoo, machinga mmoja akaniuzia ya kwangu kwa elfu thelathini na tano. Ukoo wake siujui, ila weusi ulikuwepo, tena wa kutosha.

Ramadhani ikaingia pamoja na masika. Siku hiyo tumekaa mkekani kwa Bibi, futari imeshapangwa: uji, mihogo ya nazi, kaimati, tende. Umeme umekatika, wingu limetanda, nje kiza. Mjomba akanyoosha mkono achukue simu.

"Simu ya nini, Mjomba, na mimi nimevaa saa?"

Nikaisogeza kwenye mshumaa. Nikaona mshale mmoja unametameta, umeelekea sita. Wa pili hakuna. Nikapiga hesabu kwa akili ya mtu aliyefunga: mishale ikilaliana pale, basi ni saa kumi na mbili na dakika thelathini na tatu. Na magharibi siku zile ilikuwa inaingia kabla ya hapo!

"Jamani, tumeshachelewa!"

Walivyovamia zile tende! Bibi alikuwa bakuli la pili la uji, Mjomba ana kaimati mbili shavuni, msikiti wa mtaani ukawasha jenereta. *Allahu akbar, Allahu akbar.*

Hakuna aliyetafuna. Nikaiinamisha saa taratibu, na mshale wa dakika ukajitokeza: ndiyo kwanza unaivuka tano.

"Watu saba," Mjomba akasema, baada ya kumeza. Hakuongeza neno.

Baada ya Idi wakapanga kulipa siku yao pamoja, na futari wakaamua itakuwa kwangu, kwa gharama zangu. Wakaja wote. Mjomba alitangulia mlangoni, amekumbatia saa ya ukutani ya sebuleni kwake, na msumari wake mkononi.