Weka chini huo msasa

Gitaa langu lina doa kwenye ukingo wa juu, pale mkono wa kulia unapoegemea. Ni dogo kama kucha, laka imeisha na ubao uko wazi. Watu huniuliza liliangukia wapi. Halikuanguka. Doa hilo nililitia mwenyewe, nikiondoa mkwaruzo ambao ulikuwa hauonekani mpaka ulielekeze gitaa dirishani.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: mikwaruzo mingi midogo haistahili kutengenezwa, na gitaa nyingi zilizoharibika sura zimeharibiwa na matengenezo. Laka ya gitaa nzuri ni nyembamba, mara nyingi unene wake haupiti sana ule wa karatasi ya kuandikia. Kwenye kingo hupungua zaidi, kwa sababu aliyeipiga msasa kiwandani naye alipitisha mkono hapo. Mimi nilipitisha msasa mara nne tu.

Kabla ya kugusa chochote, pitisha kucha juu ya mkwaruzo. Kucha isipokwama, hapo hakuna cha kujaza: dawa ya kung'arishia na kitambaa laini vinatosha. Hakikisha tu dawa hiyo haina silikoni, maana silikoni ikibaki, laka mpya itaikimbia na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki.

Kucha ikikwama, swali linalofuata ni gitaa limepakwa nini, na hapa ndipo wengi hukosea. Laka ya nitroselulosi, iliyoenea kwenye magari na vyombo vya muziki kuanzia miaka ya 1920, hukauka kwa tina yake, yaani kile kimiminiko kinachoiyeyusha, kuruka hewani, basi. Ukidondoshea laka mpya, ile ya zamani inalainika na zote mbili zinashikana kuwa kitu kimoja. Poliurethani na poliesta haziko hivyo. Hizo hugandishwa na kemia, zikishaganda hazirudi nyuma, na tone la laka juu yake litakaa kama mgeni asiyekaribishwa. Kwa hizo mafundi hutumia gundi kali ya kukauka haraka. Ukiwa na shaka, gusa kwa pamba yenye asetoni kidogo sana mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya tundu la nyaya za gitaa la umeme. Pakinata, ni nitro, au ni sheleki, ile laka ya kale itokanayo na utomvu wa wadudu. Sheleki hulainika hata kwa spiriti.

Kazi yenyewe ni fupi. Tone dogo kwa ncha ya kijiti ndani ya mkwaruzo, siyo pembeni. Likikauka linabonyea, ongeza jingine, na jingine, mpaka lisimame juu kidogo ya usawa. Usifanye hivyo siku yenye unyevu mwingi, laka itapata ukungu mweupe. Fungua madirisha na usiwe karibu na moto wowote: nitroselulosi ni ndugu wa pamba ya baruti.

Halafu subiri. Hapa ndipo mtu hushindwa, nikiwemo mimi. Juu patakuwa pakavu baada ya saa moja, lakini laka huendelea kusinyaa kwa wiki kadhaa. Ukisawazisha kesho, mwezi ujao utakuta bonde palepale ulipokuwa mkwaruzo. Wiki tatu naona ni kidogo. Mimi husubiri nne.

Kusawazisha, nautetea wembe dhidi ya msasa. Funga seloteipu ncha zote mbili za wembe, uache katikati wazi, kisha kwangua kile kilima tu. Seloteipu inauinua wembe kiasi cha kutogusa laka iliyo jirani. Mwishoni, msasa wa maji namba 2000, kidogo, halafu dawa ya kung'arishia.

Kuna jamaa watasema gitaa la zamani lenye thamani nalo litengenezwe ling'ae. Sikubaliani hata kidogo. Wanunuzi wa gitaa za kale hulipia laka ya asili pamoja na makovu yake, na rangi mpya hushusha bei sana.

Lile doa langu? Nililidondoshea laka nyembamba ili jasho lisiingie kwenye ubao, na rangi yake sikuhangaika nayo.