Kiwanja hakina pa kupeleka maji taka, halafu mnasema kimepimwa?

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, ndo hizo skwea mita 400 tunazouziwa kila siku huku pembezoni mwa Dar, halafu vuta tepu kona hadi kona. Unapata mita 28 na ushee. Sasa mabwana afya wanasema kisima kikae angalau mita 30 kutoka kwenye shimo la choo, yani hata choo ukichimba kona hii na kisima kona ile bado haifiki, na hapo hujamhesabu jirani wa nyuma ambae shimo lake liko palepale ukutani kwako, na wa kushoto na wa kulia, wote tunavuta maji ya chini ya ardhi hiyohiyo.

Mi ninaishi kwenye kiwanja cha hivo. Bikoni za mipaka zipo, mchoro wa viwanja umepita, barabara imechongwa, tukaambiwa maji yanakuja. Mwaka wa nne huu tunanunua ya boza.

Ndo maana kwenye huu ubishi wa madiwani mi nasimama na wanaotaka mchoro wa viwanja vipya usipite kamati ya mipango miji kama hauonyeshi maji yatatoka wapi na maji taka yataenda wapi. Na halmashauri haiombi fadhila hapo, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaipa nguvu ya kuweka masharti.

Wanaopinga wanasema bei itapanda, mnyonge hatanunua. Nawaelewa kabisa, mi mwenyewe nilidunduliza. Ila huyo mnyonge mnaemtetea anakuja kulipa mbele ya safari, analipa boza, analipa gari la kunyonya choo, na akikosa hela ya gari mvua kubwa ikipiga usiku anatapisha choo mtaroni, tunajua wote hayo mambo yanafanyika. Kipindupindu cha 2015 kilianzia Dar hapahapa mwezi wa nane kikasambaa karibu nchi nzima.

Tena sisemi mabomba yote yalazwe siku ya kwanza. Kinachotakiwa mapema ni nafasi. Maji taka yanafuata mteremko, kwa hiyo ile sehemu ya bondeni kabisa ya shamba linalokatwa viwanja ndo inatakiwa iachwe kwa ajili ya mabwawa au mtambo mdogo wa kuyasafisha, na njia ya bomba iachwe kando ya barabara. Muuzaji anaona hapo kuna viwanja vitatu vinne vya kuuza, anavikata. Watu wakishajenga basi tena, hapo ni kubomoa na kulipa fidia, na nani ana hizo hela?

Na hata serikali yenyewe ilishapita njia hii. Ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, Bunju, Mbweni, Tuangoma, Kibada huko, upimaji ulikuwa mzuri na barabara zilichongwa, lakini maji ya bomba sehemu nyingi yalichelewa sana, watu wakachimba visima na mashimo kila mmoja kivyake.

Jumamosi tuna mkutano wa mtaa na diwani kasema anakuja. Nimeshazunguka nyumba 14 za huku kwetu nikachora kila kisima na kila shimo la choo na umbali wake, kisima cha karibu zaidi kiko mita 9 tu kutoka chooni. Hiyo karatasi namkabidhi mkononi.