Kikohozi cha mvuta sigara kisizoelewe

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa, kuhusu madhara ya sigara, anasema moshi wake, mbali na kuleta saratani, unayapokonya mapafu kinga dhidi ya bakteria. Ni kweli kabisa, ila angefafanua. Njia ya hewa ina vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi juu pamoja na vijidudu, moshi huvilemaza. Ndani zaidi, kwenye vifuko vya hewa, kuna seli zinazomeza bakteria, na kwa mvutaji seli hizo hufanya kazi kwa udhaifu, huku nyingine za kinga zikijazana na kuumiza mapafu yenyewe. Ndiyo maana nimonia humpata kirahisi, na hatari ya kuugua kifua kikuu huongezeka takriban mara mbili. Huku Tanga, pale Deep Sea, kwenye diko la kushushia samaki, wapo wavuvi wanaovuta usiku kucha kwa ajili ya baridi ya baharini, na mmoja akikohoa zaidi ya wiki mbili wenzake humwambia "hiyo sigara tu". Hilo linaniuma sana, maana kipimo cha makohozi cha kugundua kifua kikuu ni bure lakini mtu haendi mpaka amekonda, na muda wote huo analala chumba kimoja na watoto. Wasomaji wa Pangani na Bagamoyo, kwenye madiko yenu kuna anayepita kuwahimiza wavuvi wakapime?